Jengo la wazee 62+ alilohamia mama hapa Columbus, Ohio: miaka mitatu baadaye nalipatia nyota ngapi

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeipunguza kwa sababu nitakazozisema huko chini, ila nasema mapema ili asiyekuwa na muda wa kusoma yote ajue msimamo wangu, mi ningemshauri mtu yeyote mwenye mzazi hapa Marekani akaandikishe jina lake leo. Sio mwakani, leo. Hata kama mzazi mwenyewe anaapa kwamba yeye atarudi nyumbani kufia kwao. Hasa huyo.

Kwanza tuelewane naongelea nini, maana watu wetu ukiwaambia "nyumba ya wazee" picha inayowajia ni kitanda cha hospitali, harufu ya dawa na bibi wa watu amewekwa kwenye kiti cha magurudumu anaangalia ukuta kutwa. Hiyo ipo, na mama yangu anaijua vizuri kuliko mimi kwasababu amefanya kazi humo miaka 21, alikuwa anageuza wagonjwa, anaogesha, anabadilisha mashuka, shifti mbili mbili. Nnayoongelea mimi ni kitu kingine kabisa. Ni apatimenti. Mama ana mlango wake, ufunguo wake, chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko, bafu, na jina lake kwenye sanduku la barua pale chini. Hakuna nesi, hakuna anayemlisha, hakuna wa kumwambia saa ya kulala. Tofauti na apatimenti nyingine ni mbili tu, wakazi wote ni wa miaka 62 na kuendelea, na kodi inapigwa kutokana na kipato chako mwenyewe.

Mpango unaitwa Section 202, ni wa serikali kuu kupitia HUD ambayo ndo wizara yao ya nyumba, na sio kitu kipya, sheria yake ni ya mwaka 1959. Serikali inatoa hela, wajengaji ni mashirika yasiyotafuta faida, mengi yana asili ya makanisa (mama ni Muislamu, swala tano, na hajawahi kuulizwa swali hata moja kuhusu dini). Sharti la kuingia ni umri na kipato, kipato chako kisivuke nusu ya kipato cha kati cha eneo unaloishi. Sasa mtu aliyestaafu kwa hela ya Social Security (pensheni ya serikali) peke yake mara nyingi yuko chini ya hapo, kwahiyo sio jambo la mafukara tu kama wengi wanavyodhani, mwalimu mstaafu anaingia, dereva wa basi anaingia, na mama yangu mlezi wa wagonjwa ameingia.

Twende kwenye hela maana ndo kitu kila mtu ananiuliza inbox.

Mama alipoingia Machi 2022 kipato chake kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi, Social Security pamoja na kapensheni kadogo ka pale alipokuwa anafanya kazi. Kwa mwaka 19,440. Kanuni inasema unalipa asilimia 30 ya kipato BAADA ya makato, na hapo kwenye "baada ya makato" ndo watu wanapoachia hela yao mezani. Kulikuwa na punguzo la mzee, dola 400 kwa mwaka (siku hizi sheria mpya imelipandisha). Halafu kulikuwa na la matibabu, gharama zote alizolipa mwenyewe mfukoni zikizidi asilimia 3 ya kipato, kile kilichozidi kilikuwa kinatolewa (sheria hiyo hiyo mpya imepandisha hiyo 3 kuelekea 10, ila punguzo lenyewe bado lipo). Sasa meneja mwanzoni alipiga hesabu na ile 400 tu, ikaja 476 kwa mwezi. Mimi nikaridhika wallahi, maana kwenye apatimenti aliyotoka kabla ya kuja kukaa kwangu alikuwa ameshaambiwa mkataba mpya ni 1,050. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Akafungua mkoba akatoa bahasha ya kaki, ndani kuna risiti za mwaka mzima zimebanwa na klipu mwezi kwa mwezi, miwani, meno, dawa, na barua ya Social Security inayoonesha wanavyomkata Medicare Part B (bima ya afya ya serikali kwa wazee), 170 na senti kila mwezi. Jumla 3,200. Toa asilimia 3 ambayo ni kama 583, inabaki zaidi ya 2,600 ya kukata. Kodi ikashuka ikawa 411. Dola 65 kila mwezi kwa sababu ya bahasha ya kaki! Meneja hakuwa mtu mbaya, hakuuliza tu, na sisi tusingesema yangeishia pale.

Kwahiyo kama mzazi wako ana miaka 60 sa hivi mfundishe kuweka risiti. Ndo mwanzo.

Sasa foleni. Hapa ndo penye uchungu wangu wote.

Tuliandikisha jina Juni 2018. Aliingia Machi 2022. Miaka mitatu na miezi tisa, na watu waliniambia tumewahi. Na ile foleni haikuwa moja, hili watu hawalijui, kila jengo lina listi yake na fomu yake, hakuna sehemu moja ukajaza ukaingia kote. Tulijaza majengo sita. Mawili yakarudisha jibu kwamba listi imefungwa, hawapokei hata jina mpaka wapunguze waliopo. Moja likatufuta. Ilikuwa hivi, kila baada ya muda wanatuma barua kuuliza bado unataka au la, na usipojibu ndani ya siku walizoandika wanakutoa, hawapigi simu wala nini. Mama alikuwa amehama kutoka apatimenti moja kwenda nyingine mtaa wa pili tu, tukabadilisha anwani posta tukajua tumemaliza, kumbe ilibidi tuandikie kila jengo moja moja. Barua ikaenda ikarudi. Nilipokuja kupiga simu mwenyewe baada ya miezi kadhaa yule dada wa ofisini akaniambia jina limeshatoka, mnaweza kuanza upya chini. Alikuwa wa ngapi? Wa nne. WA NNE. Sitaki kulitaja jengo, ila siku ile nililia kwenye gari pale parking ya duka mpaka nikashindwa kuingia kununua nilichofuata. Mama aliponiona akasema tu haya mwanangu, yamebaki matatu, tupige simu. Tangu siku ile nikawa na daftari, tarehe 1 ya kila mwezi napiga simu majengo yote matatu, jina langu ni fulani, naulizia jina la mama, anwani yetu ni ile ile? Kuna mmoja alishaanza kunitambua sauti.

Na kwanini tuliandikisha 2018 wakati mama alifikisha 62 mwaka 2013? Hili ndo nalijutia. Kwa sababu ya Tanga. Mama alikuja 1998 kwa grinkadi ya bahati nasibu, alikuwa mwalimu kule, na tangu siku ya kwanza alikuwa anasema miaka mitano tu. Alijenga. Nyumba ipo, vyumba vitatu, na mwembe uani. Kila mwaka anaongeza kitu, mara geti mara tanki la maji. Kwahiyo ukimwambia habari ya kuandikisha jina kwenye jengo la wazee hapa anakuona unamtakia mabaya, kwamba unamwambia hatarudi. Na mimi nikanyamaza miaka mitano. Kilichobadilisha ni presha na figo, daktari alipomwambia kliniki kila baada ya miezi mitatu, akaanza kupiga hesabu mwenyewe, Medicare haivuki bahari, ukiwa Tanga ukaumwa hailipi. Wajukuu wako hapa. Basi siku moja akaniambia, zile fomu zako ziko wapi. Kuandika jina hakumfungi mtu jamani, hulipi kitu, ukiitwa na hutaki unasema hapana. Lakini usipoandika, siku mguu ukigoma au mwenye nyumba akipandisha kodi ndo unaanza mwisho wa mstari wenye watu mia mbele yako.

Kitu kingine, usichanganye majengo haya na yale ya Tax Credit (wajengaji wake wanapewa nafuu ya ushuru na serikali). Na yenyewe yanaandikwa "ya wazee, bei nafuu" na ni mazuri, mengine mapya yanang'aa kuliko letu, lakini kodi yao mara nyingi inapangwa kwa kipimo cha kipato cha eneo zima sio cha kwako, kwahiyo kipato chako kikiwa kidogo kodi haishuki ng'o. Rafiki wa mama aliingia hivyo akafurahia ukumbi na bustani, sasa nusu ya hela yake inaishia kwenye kodi. Swali la kuuliza mlangoni ni moja tu, kodi inafuata kipato changu au imeshapangwa? Wakikujibu asilimia 30, kaa chini ujaze.

Jengo lenyewe. Ghorofa nne, vyumba vya kutosha mtu na mgeni wake, joto la uhakika (na Ohio Januari sio mchezo), maji ya moto na hita humo humo kwenye kodi. Mashine za kufulia kila ghorofa. Kuna mratibu anayekuja siku tatu kwa wiki, kazi yake ni kuwasaidia wazee na makaratasi, huyu mratibu ni dhahabu, ndo aliyetueleza habari ya PASSPORT, mpango wa Ohio kupitia Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ambapo mtu wa miaka 60 na kuendelea akianza kushindwa kujihudumia, na akikidhi vigezo vya kipato, anapata msaidizi wa kuja kumuogesha na kumpikia kwake badala ya kupelekwa nesingi homu. Mama bado hajafika huko alhamdulillah lakini tumeshajua mlango uko wapi. Wengi wanadhani Medicare italipa ukizeeka ukahitaji mtu wa kukaa na wewe miaka, hailipi, na wanakuja kugundua kwenye korido ya hospitali.

Sasa niseme habari ya kamba. Kila bafu lina kamba ya dharura ukutani, ukiivuta kengele inalia. Siku tunahamia niliikuta imezungushwa mara tatu kwenye kile chuma cha kushikia, imefungwa fundo safi, nadhani msafishaji hakutaka iguse sakafu ilowe. Mimi nikapita. Mama akasimama pale mlangoni akaitazama. Akavua viatu, akajifunga kanga vizuri, akalala chini. Na miaka yake 71, kwenye vigae vya bafuni, chali, akanyoosha mkono. Hafiki. Akajaribu na ule mwingine, hafiki, vidole vinaishia kama urefu wa rula chini ya lile fundo. Akaniambia kule kazini niliwakuta wangapi asubuhi, wa baridi, na kamba imefungwa juu hivi hivi. Nikamnyanyua. Alimfuata fundi mwenyewe ikashushwa mchana ule ule, na wiki ile alipita ghorofa nzima, mlango kwa mlango, hodi, mimi jirani mpya, naomba kuona bafu lako. Saba zilikuwa zimefungwa. Ukienda kukagua jengo lolote usitazame kapeti wala rangi ya ukuta, nenda bafuni tazama kamba inaning'inia mpaka wapi.

Sasa ile nyota niliyoipunguza. Lifti ni moja tu na ilishakufa mara mbili, mara ya pili siku kumi na moja, majira ya joto, na mama yuko ghorofa ya tatu. Kulikuwa na mzee wa Kikongo, mtu wa Uvira, tunaongea naye Kiswahili chake kile kitamu, yeye yuko ya nne na miguu hana, siku zote hizo hakushuka hata mara moja, mama ndo alikuwa anampandishia uji na mkate. Barua waliyobandika ilisema "tunaomba radhi kwa usumbufu". Mtu kukaa siku kumi na moja bila kukanyaga ardhi sio usumbufu. Tuliandika barua wakazi wote tukasaini, lifti ikatengenezwa, ila ile ya pili waliyoahidi mpaka leo hatujaiona. Ukiweza omba ghorofa ya chini.

Nyingine ni king'ora cha moshi. Kiko karibu mno na jiko. Mama akikaanga samaki kinalia korido nzima, siku ya kwanza zimamoto walikuja na magari mawili. Sasa anakaanga dirisha wazi na feni imeelekezwa nje, hata kwenye theluji, na hilo linaniuma kwa mtu wa Tanga kuambiwa asikaange samaki kwa raha zake.

Na makaratasi ya kila mwaka. Kila mwaka unathibitisha kipato upya, benki, pensheni, kila kitu, na ukweli ni lazima maana wanaangalia kwenye mifumo yao. Nyumba ya Tanga tuliiandika. Watu waliniambia usiseme, nani atajua, mi nasema andika, ukidanganya unapoteza nyumba na unaweza kudaiwa. Kuwa na nyumba kwao hakukumzuia kuingia. Kulikuwa na kiwanja pia alichompa binamu yangu, na fomu inauliza kama umetoa mali kwa bei ya chini ndani ya miaka miwili iliyopita, tukaandika na hicho. Angalia pia hela mnazomtumia, mkimpa mzazi dola 200 kila mwezi bila kukosa hiyo inahesabiwa kipato na kodi inapanda, lakini zile anazotuma yeye Tanga kila mwezi kwa ndugu hazipunguzi hata senti. Hapo sikubaliani nao kabisa, ila ndo kanuni. Upande mzuri ni kwamba kipato kikishuka katikati ya mwaka unaripoti na kodi inashuka, yule mzee wa Uvira SSI yake (hela ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo) ilisimama, wakimbizi wanapewa miaka saba tu wasipopata uraia, na kodi yake ikapigwa upya ikawa karibu na hakuna mpaka alipoapishwa uraia.

La kusikilizwa na ndugu. Wiki ya kwanza mama mdogo alipiga kutoka Tanga, sauti imebadilika, "We mtoto, ni kweli mmempeleka dada yangu kambini? Tumekosa nini kwenu?" Sikuwa na la kusema. Mama akachukua simu, akawasha video, akaanza mlangoni, huu ufunguo, hii sebule yangu, hili jiko, hapa naswalia kibla ndo huku, na huyu (akageuza simu) jirani yangu bibi wa Kimarekani kaniletea keki. Akamwambia, "Mdogo wangu, kwa mwanangu nilikuwa nalala chumba cha wajukuu, nikikohoa usiku naona haya. Hapa nakohoa ninavyotaka." Mama mdogo akacheka, na mimi ndo siku ya kwanza kujua kwamba kwangu alikuwa anakoholea kwenye mto.

Mkataba unasema mkazi asiondoke zaidi ya siku 60 mfululizo, labda awe amelazwa. Hili liliniogopesha kuliko yote kwa ajili ya mama, nikajua hapa tumemkata miguu. Haikuwa hivyo, anakwenda kila mwaka ila kwa mahesabu. Sasa hivi nnavyoandika yuko Tanga, leo siku ya 37, dawa za miezi miwili na nusu kwenye begi, tiketi ya kurudi siku ya 54 ili ndege ikichelewa bado tuna nafasi. Ufunguo ninao mimi. Nimepita jana jioni kuchukua barua na kumwagilia mchaichai wake dirishani, nikaingia bafuni kunawa, kamba inagusa sakafu.